Unyoya wa Tetea wa Madoadoa

Iguguno, Jumamosi ya mnada, jua bado halijazama.

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa mwezi wa saba unaoleta baridi na vumbi kwa pamoja, na mimi nimeshinda na roho mbaya. Nimekaa kizingitini, daftari juu ya goti, kwa sababu ndani kuna kuku na sitaki kuwatazama.

Nina wivu.

Haya, nimeandika. Afadhali niandike kuliko kumwambia mtu, maana hapa ukimwambia mtu jambo asubuhi, mchana unaulizwa habari zake kisimani. Lakini wivu niliokuwa nao asubuhi na huu nilio nao sasa si mmoja. Ule wa asubuhi ulikuwa wa kipumbavu. Huu wa sasa nimejitafutia mwenyewe.

Anayenitia wivu ni Lameki, mnunuzi wa kuku kutoka Itigi. Kila mnada anakuja na matenga matupu juu ya lori, anaondoka yamejaa, kuku wanapakiwa gari moshi kwenda Dar es Salaam kuliwa na Wazungu. Kazi yake sina neno nayo. Kila mtu na kazi yake; mimi ni fundi cherehani, nashona barazani kwa Mama Mkumbo, mwenye nyumba niliyopanga. Ninachochukia ni jinsi anavyochutama mbele ya tenga la Raheli. Wanawake wauza kuku wamejaa pale, lakini yeye anachutama kwa nani? Kwa Raheli. Anachutama, anaweka kofia gotini, anasema neno moja, na Raheli anacheka mpaka anaziba mdomo kwa kiganja. Neno gani hilo? Mimi namjua Raheli tangu mvua za mwaka juzi na sijawahi kumfanya azibe mdomo.

Na lile koti! Koti la kaki analolivaa, lenye mifuko mikubwa na mabega yaliyosimama, nimemshonea mimi. Alikuja kwangu mwembamba, mabega yameteremka, nikasema ngoja nimtengeneze mtu. Nikamjazia pamba mabegani. Mabega yale si yake, ni yangu, na sasa anakwenda kuchekeshea wanawake. Kati yetu mjinga ni nani?

Raheli ni mjane. Watu wanamwita Mama Shani, na mimi mbele za watu namwita hivyo hivyo. Raheli naandika humu tu. Anakaa ng'ambo ya kanisa la misheni, yeye na binti yake na kuku wake, na kuku wake ni wazuri kweli, wamekaa miguu na vifua kama inavyotakiwa.

Nilimjua kwa ajili ya kitoweo. Nilikuwa na mgeni kutoka kwetu Utemini, nikaenda mnadani nikanunua jogoo kwake. Mgeni akala, akaaga, akaondoka. Mnada uliofuata sikuwa na mgeni, lakini miguu ilinipeleka tena, nikanunua tetea. Huyo sikumchinja. Niliona vibaya kumchinja kuku niliyempokea mkononi mwake. Nikanunua mwingine, naye nikamwacha, na mwingine tena. Sasa wanalala chini ya cherehani, wanadonoa chaki yangu, na juzi mmoja ametaga kwenye suruali mpya ya karani wa baraza. Karani hakucheka. Mama Mkumbo ndiye aliyecheka, akasema, "Fundi, wewe unashona au unaatamia?"

Sasa nifike kwenye jambo la unyoya, maana ndilo lililoniponza.

Mwanamke wa huku akiuza kuku, kabla ya kumkabidhi anamnyofoa unyoya mmoja chini ya bawa na kuufunga kwenye pindo la nguo yake. Akifika nyumbani anautupa bandani. Kuku amekwenda, lakini bahati ya banda imebaki. Kwetu tunafanya hivyo kwa ng'ombe. Ukiuza dume unakata nywele za mkia wake, unazichomeka juu ya mlango wa zizi. Kwa hiyo jambo lenyewe halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba kila kuku anayemuuzia Lameki, Raheli anamnyofoa. Anainamisha kichwa, vidole vinatafuta taratibu chini ya bawa, na Lameki amechutama pale anamtazama. Mimi hajaninyofolea hata siku moja. Ananipa kuku alivyo, anasema, "Haya Fundi, mtunze."

Hilo nimelitafuna tangu mnada uliopita. Nikishona nalitafuna, nikila nalitafuna. Nikajiambia, anamwogopa Lameki kwa sababu Lameki ni mtu, anaweza kuondoka na bahati ya nyumba. Mimi ni nani hata nichukue bahati ya mtu? Kwangu hana haja ya kujilinda. Mwenzangu anashikiwa shikiwa mabawa ya kuku mbele ya macho yake, mimi napewa kuku juu juu kama anayepewa chumvi na jirani. Roho iliniuma. Nikaapa leo nitasema.

Nilifika mapema. Ng'ombe walikuwa bado wanaingizwa zizini, mnadi anakohoa kuiweka sawa sauti yake, karani wa ushuru ameegemea meza kwa mikono miwili karatasi zisipeperuke. Upande wa kuku hakuna mnadi wala kengele. Kila mwanamke na tenga lake, unachagua, unampima kuku kwa mkono, unapuliza manyoya ya kifua uone nyama, mnapatana. Ndivyo ilivyo siku zote.

Lameki alikuwa ameshachutama.

Raheli alikuwa amegeuza kikapu pembeni, na chini yake tetea wa madoadoa meupe na meusi, mtulivu, ana macho makali. Sijaona tetea mzuri hivyo mwaka huu. Lameki alikuwa anachungulia. Raheli akaweka mkono juu ya kikapu akasema, "Huyo ni wa Fundi." Akasema hivyo kabla hata hatujasalimiana. Mtu mwenye akili zake angefurahi, akalipa, akaenda kwake.

"Kwani Fundi ameshalipa?" Lameki akauliza, ananitazama kwa chini.

"Bado," nikasema.

"Basi yuko mnadani," akasema, akataja bei.

Nikaipandisha. Akaipandisha. Watu wakaanza kusogea, kwa sababu watu wa mnada wakisikia bei inapanda wanaacha hata ng'ombe wao. Mzee mmoja mchuuzi wa ngozi akapanda juu ya kigoda akaanza kunadi kwa mzaha, "Nani zaidi? Mara ya kwanza! Tetea wa madoadoa, nani zaidi?" Raheli alisema, "Acheni jamani, kuku nimeshasema ni wa nani." Hakuna aliyemsikiliza, na mimi ndiye niliyemsikiliza kidogo kuliko wote. Fedha niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya kununulia kaki dukani kwa Mhindi. Niliitaja yote. Lameki akafuta vumbi kwenye bega lake, bega langu, akasema, "Mpeni. Huyo si kuku tena, ni mbuzi." Watu wakaangua kicheko.

Raheli hakucheka. Akamtoa tetea chini ya kikapu, akamfunga miguu vizuri kwa kamba ya katani, akaninyoshea. Hivi hivi. Bila unyoya.

Ndipo nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, na huo ndio wazimu wenyewe, maana ningeweza kunong'ona.

"Mama Shani, mbona mimi huninyofolei unyoya?"

Wanawake wa upande ule wote wakageuka. Mmoja aliyekuwa anakunywa uji akashusha kata. Raheli akanitazama, tetea bado yuko mikononi mwake.

"Unataka nimnyofoe?"

"Kwani fedha yangu haina kichwa cha Mfalme kama ya wenzangu? Mnyofoe."

"Fundi, umefikiri?"

"Nimefikiri tangu mnada uliopita."

Akainua bawa, na vidole havikutafuta safari hii. Akashika unyoya wa kwanza akanyofoa kwa nguvu mpaka tetea akapiga kelele. Akaufunga kwenye pindo la kaniki yake, fundo juu ya fundo. Akapokea fedha, akanipa kuku, na hakusema nimtunze.

"Asante, mnunuzi," akasema.

Mnunuzi! Siku zote mimi kwake ni Fundi. Yule wa uji akatema mate pembeni. Jirani yake akageuza uso, akajifanya anapanga mayai. Hata mzee wa ngozi alishuka kwenye kigoda kimya kimya. Ni Lameki peke yake aliyesimama wima, akafunga vifungo vya koti kimoja baada ya kingine, akamtazama Raheli, akanitazama mimi, halafu akavaa kofia vizuri. Mimi niliona ameshindwa. Nilirudi nyumbani napiga mluzi, kuku kwapani, kifua mbele.

Mama Mkumbo alikuwa anapeta mtama barazani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Umeleta mwingine?"

Nikamhadithia. Nilimhadithia kwa madaha, jinsi nilivyomshinda yule Mwitigi, na jinsi nilivyodai haki yangu ya unyoya mbele ya watu wote. Nilipofika hapo ungo ulisimama.

"Umefanya nini?"

"Nimemwambia aninyofolee unyoya kama anavyowanyofolea wengine."

"Naye akanyofoa?"

"Akanyofoa."

"Loo!" akasema Mama Mkumbo, akaweka ungo chini, akashika kichwa. "Loo, Fundi, mtu mzima wewe! Kuku ananyofolewa anapokwenda kwa watu. Mimi nikimpa kuku dada yangu namnyofolea nini? Nikihamisha kuku kutoka banda hili kwenda lile namnyofoa?"

Sikuelewa bado. Ndiyo, nilikuwa mpumbavu kiasi hicho. Nikamwambia, "Lakini mimi si dada yake, na kwangu si kwake."

"Ndivyo ulivyomwambia leo," akasema. "Mbele ya wanawake wote. Yule mama alikuwa hakuuzii kuku. Alikuwa anawatanguliza."

Anawatanguliza.

Nilikaa chini pale pale kwenye pumba za mtama. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, muda wote huu nakaa nyumbani kwake. Akanijibu kwa hasira, "Nikwambie nini? Unanunua kuku kwake, hachinjwi hata mmoja, unawalaza ndani kama watoto. Tulijua umeelewa. Tulikuwa tunangoja tu upeleke mshenga. Wanawake wa mnadani wamengoja mpaka wamechoka, wanasema labda ninyi Wanyaturu ndivyo mnavyooa, polepole." Kisha akaingia ndani, akanifungia mlango wa uani kwa kishindo.

Tangu hapo nimekaa nakumbuka, na kila ninachokumbuka kinanichoma.

Nimekumbuka Raheli akiniuliza, "Yule mweusi ameanza kutaga?" Nilidhani ni mwuzaji anayejali jina lake. Nimekumbuka akiniuliza kama nyumba yangu inavuja. Nikamjibu, Mungu wangu, nikamjibu kwamba inavuja kidogo upande wa cherehani lakini nimeweka debe. Mwanamke anaulizia paa atakalolala chini yake, mimi namweleza habari za debe! Siku nyingine akaniuliza kama Mama Mkumbo ni mtu wa maneno maneno. Nikamwambia ni mkali ila ana roho nzuri. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, nikafikiri anauliza tu kupitisha wakati.

Na nimemkumbuka baba. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu siwezi kusema sikujua. Baba akiuza dume mnadani alikata nywele za mkia kabla hajapokea hata senti. Lakini mwaka ule alipompelekea mjomba ng'ombe wa maziwa akae naye, nilimwona anakwenda naye mpaka kwa mjomba, mkia mzima. Nilikuwa namswaga mimi mwenyewe. Nilimwuliza mbona hakukata, akanishangaa, akasema, "Kwani anakwenda wapi?" Nililijua jambo hili tangu nimeanza kuchunga. Wivu umenifuta akili mpaka nikasahau vya nyumbani kwetu.

Kijicho kibaya, jamani. Nilikuwa namwonea Lameki wivu kwa sababu ya manyoya, kumbe kwa kila unyoya aliokuwa anaunyofoa mbele yake, Raheli alikuwa anamwambia, wewe ni wa kupita. Na kucheka kule? Hata mimi nikiuza nguo nacheka na wateja. Nilimchekea Lameki mwenyewe nilipokuwa nampima koti.

Lakini wivu haujaisha, na hapa nisijidanganye. Umeongezeka. Asubuhi nilikuwa namwonea wivu mtu asiyekuwa na kitu. Sasa ana kitu, nami nimempa. Yeye amenunua kuku huku miaka mingi kuliko niliyokaa mimi. Maana ya unyoya anaijua. Wakati nafikiri ameshindwa, alikuwa anafunga vifungo. Ndiyo, alikuwa anafunga vifungo vya koti langu ajiweke sawa! Lori lake haliondoki mpaka Jumatatu. Usiku huu analala hapa hapa Iguguno, na kesho ni Jumapili, mtu amepumzika, hana haraka, anaweza kupita ng'ambo ya kanisa kusalimia. Atabisha hodi na mabega yale. Ningejua nisingemjazia pamba hata kidogo. Ningemwacha ateremke mpaka magotini.

Jua linazama sasa. Kuku wangu wote wameingia wenyewe, wanasukumana chini ya cherehani. Yule wa madoadoa amekataa. Nimemfungua kamba, nimemwekea maji na pumba, amesimama mlangoni ametazama njia. Wenzake hawakufanya hivi siku ya kwanza, hata mmoja. Sisemi kuku ana akili ya kujua mambo ya unyoya. Nasema tu nilivyoona.

Nilifikiri nimrudishe. Nimpeleke, nimwombe Raheli asahau, achukue kuku wake. Lakini nikimrudisha nitakuwa mnunuzi aliyerudisha bidhaa, na unyoya hauwezi kupandikizwa. Fundi naweza kushona vitu vingi lakini hicho siwezi. Nilifikiri nitafute mshenga, Mama Mkumbo labda, ila amenifungia mlango, na hata akifungua atahitaji siku ya kwenda, siku ya kurudi, siku ya kutafakari. Lameki ana kesho tu, na mimi nina kesho tu.

Kwa hiyo nitakwenda mwenyewe.

Ninaye jogoo. Hakununuliwa. Ameanguliwa humu humu ndani, chini ya cherehani, na tetea wa kwanza kabisa niliyempokea mkononi kwa Raheli. Ni mwekundu, ana kishungi, anawika vibaya lakini anawika. Kukipambazuka nitamchukua nipite naye njia kuu, si uchochoroni, nipite penye kisima na mbele ya kanisa watu wakiwa wanaingia ibadani, yule wa uji awepo, na yule wa mayai, na hata Lameki na koti lake akiwepo, sawa. Walisikia nilivyosema mnadani. Na hili waone. Nitafika mlangoni kwa Raheli, nitapiga hodi, na sitasema maneno mengi kwa sababu maneno yangu ya leo yametosha. Nitamwinua jogoo bawa moja, kisha la pili, aone sikugusa kitu. Nitampa alivyo. Nitasema, "Mtunze."

Akimpokea, amenijibu. Akimkataa, nitarudi njia ile ile watu wakiniona, na nitastahili.

Nimemfunika kwa tenga sasa hivi, na nimemkagua mara mbili kwa mwanga huu uliobaki. Manyoya yake yote yapo. Ila upepo huu haujatulia, nami naogopa usije ukamnyofoa hata mmoja njiani. Nimetoa kipande cha kaki kilichobaki kwenye koti la Lameki. Nitamviringisha humo, shingo tu nje, nimbebe kifuani mpaka kwake.